Jina la Aliyechonga: Juu ya Mwanafunzi Aliyepelekwa Kazini Katika Jumba la Sanaa

Kila mwaka vyuo vyetu huwatoa vijana darasani kwa majuma kadhaa na kuwapeleka mahali pa kazi, ili yale waliyoyasoma vitabuni wakayaone yakitendeka. Wanaosomea ufundi wa mitambo huenda karakana, wa hesabu za fedha huenda benki, wa kilimo huenda mashambani. Jambo hili limezoeleka, wala hakuna anayelishangaa. Lakini hutokea mmoja, aghalabu anayesomea sanaa au historia, akapelekwa katika jumba la sanaa. Na hapo ndugu na jamaa huanza kuuliza. Mjomba huuliza: huko kuna kazi gani? Jirani hucheka kwamba kijana amepelekwa kutazama picha. Hata kijana mwenyewe, arudipo jioni na vumbi la ghala mikononi, huenda akajiuliza kama siku yake haikupita bure.

Insha hii yakusudia kulichukua swali la mjomba kwa uzito wake, kwa maana si swali la kijinga. Kazi ya jumba la sanaa ni nini hasa? Na kijana aliye mdogo kuliko wote katika nyumba hiyo, asiye na mshahara wala cheo, ana wajibu gani humo? Nitajaribu kuonyesha kwamba wajibu wake ni mkubwa kuliko cheo chake. Amekabidhiwa amana ya watu wasiokuwapo. Na amana yenyewe, kabla ya kuwa kinyago au picha, ni jina la mtu.

Kwanza na tukumbuke kwamba kujifunza kazi kwa kuifanya si jambo geni kwetu. Mtoto aliyetaka uhunzi alianza kwa kuvuta mivukuto. Aliyetaka useremala alianza kwa kufagia maranda. Aliyetaka kuunda majahazi alianza kwa kumpokeza fundi pamba za kalafati na kuchota maji ya kunywa. Fundi hakuwa na mazoea ya kueleza sana. Alitenda, na mtoto akatazama. Na siku moja mtoto alipewa randa, akaonekana kama alikuwa akitazama kweli au alikuwa akitumbua macho tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakukusudia kumfukuza mgeni. Walikusudia kumheshimu, kwa kuwa mtu asiyepewa jembe hajahesabiwa kuwa mmoja wa nyumba.

Taifa letu lililifanya wazo hilo la kale kuwa siasa yake. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule isiwe kisiwa kilichojitenga na kazi za jamii. Azimio la Musoma la 1974 likaenda mbele zaidi: kijana aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, na wakubwa zake kazini watoe ushuhuda juu ya mwenendo wake, ndipo afikiriwe kuingia chuo kikuu. Utaratibu ule haupo tena kwa namna yake ya asili, lakini sehemu yake moja imebaki katika mafunzo ya leo. Mwanafunzi hujaza kitabu cha kumbukumbu za kila siku, msimamizi hukitia sahihi, na mwishoni hutoa maoni yake, ambayo huhesabiwa katika alama za chuo. Jambo hili ni jema, na ni la hatari pia. Tutalirudia, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo mtihani wa kweli wa kijana.

Tuingie sasa ndani ya jumba lenyewe. Mgeni aingiaye huona kuta nyeupe, picha zilizotundikwa na vinyago vilivyosimama juu ya vigoda. Haoni nyuma ya ukuta. Huko nyuma kuna ghala, na katika ghala kuna adui wengi wasiolala. Mpingo, mti ambao vinyago vyetu vingi huchongwa kwao, ni mgumu na mzito hata huzama majini; lakini ukiwekwa juani, au ukihamishwa ghafula kutoka mahali penye unyevu hadi chumba chenye mtambo wa kupoza hewa, hupasuka. Miti laini huliwa na bungua. Karatasi hupatwa na ukungu. Rangi za maji hufifia zikipigwa na mwanga mkali, na hewa ya chumvi ya pwani hula misumari na nyaya za kutundikia. Mtu asipofuta vumbi, asipogeuza vitu, asipochungulia pembe za masanduku, baada ya masika machache jumba la sanaa hugeuka kaburi la sanaa.

Kazi hizi ndizo hupewa kijana. Hufagia. Hufuta vumbi kwa brashi laini. Hupima urefu na upana kwa sentimita. Hufunga vitu vya kusafirishwa, hufungua vilivyofika, hushikilia ngazi mwenzake anapotundika. Naye aliyetoka chuoni na elimu ya mitindo ya sanaa ya dunia huona ametukanwa. Husema: sikusoma miaka yote hii nije kushika ufagio.

Malalamiko haya yana jibu rahisi na jibu gumu. Jibu rahisi ni kumtajia George Lilanga. Mmakonde huyu wa kusini mwa Tanzania, aliyezaliwa 1934 na kufariki 2005, aliingia katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1972, akiwa mlinzi. Kutoka lindo hilo alipata nafasi ya kufanya sanaa yake, na majini yake yenye masikio makubwa na tabasamu za ukorofi yakasafiri hadi Ulaya, Marekani na Japani. Basi, twaweza kumwambia kijana, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Lakini jibu hilo halitoshi. Walinzi wa majumba ya sanaa ni wengi, na Lilanga ni mmoja. Kama heshima ya kufagia yatokana na matumaini ya kuwa maarufu, basi wengi wanaofagia wamedanganywa. Jibu gumu ni kwamba kazi ya kutunza ina heshima yake yenyewe, hata kama haimpandishi mtu popote. Aliyechonga amemaliza kazi yake na amekwenda; huenda yu kijijini, huenda yu kaburini. Hawezi kukilinda kinyago chake na bungua. Mwenye kukilinda ni huyu aliyeshika brashi. Katika dini zetu na katika desturi zetu, aliyekubali kuwekewa kitu cha mwenzake anajulikana kwa jina tukufu: ni mwaminifu, au si mwaminifu. Hakuna cha katikati.

Tena amana hiyo haiishii katika mbao na rangi. Baada ya ufagio kijana hupewa daftari, na hapa ndipo kazi inapokuwa nzito ingawa kalamu ni nyepesi. Kitu kikiingia katika jumba, huandikiwa namba. Mbele ya namba huandikwa jina la aliyekifanya, mahali kilipotoka, kilitengenezwa kwa nini, vipimo vyake, mwaka, hali kiliyofika nayo, na masharti ya kuingia kwake. Kama kimenunuliwa, bei yake. Kama kimeletwa mali kauli, yaani mwenyewe atalipwa kitakapouzwa, huandikwa kiasi atakachopata na kiasi kitakachobaki kwa jumba. Mtu aliyewahi kutumikia masijala atanielewa nikisema kwamba jalada lililopewa namba isiyo yake ni sawa na jalada lililochomwa moto. Lipo, lakini hakuna atakayeliona tena. Kadhalika kinyago kisichoandikwa sawasawa chaweza kusimama mbele ya macho ya watu miaka mia na kuwa kimepotea.

Nisemayo si maneno ya kubuni. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijazimika, Mjerumani Karl Weule alisafiri kusini mwa nchi yetu miongoni mwa Wayao, Wamakua na Wamakonde. Alikusanya vitu vingi kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig, ambalo baadaye aliliongoza. Vitu vya namna hiyo kutoka kwetu vimo kwa maelfu katika majumba ya Ujerumani. Aghalabu madaftari yao ni nadhifu: kabila limeandikwa, mahali pameandikwa, mwaka wa kupokewa umeandikwa, na jina la bwana aliyekusanya limeandikwa kwa ukamilifu. Jina la aliyechonga halimo. Leo wataalamu wa Tanzania na wa Ujerumani hukaa pamoja kuulizana asili ya vitu hivyo, na mara nyingi swali hufika mahali likagonga ukuta, kwa sababu karani mmoja, siku moja, hakuona haja ya kuuliza jina.

Karani yule huenda hakuwa mtu mwovu. Alifuata desturi ya ofisi yake. Desturi hiyo ilikuwa na fikira ndani yake: kwamba mtu wa Ulaya huchora picha, lakini Mwafrika hatengenezi kitu, bali kabila lake hutengeneza kupitia mikono yake, kama nyuki watengenezavyo sega. Nyuki haulizwi jina. Ndiyo maana tuliona fahari kubwa nyakati zilipobadilika. Sam Ntiro, mwana wa Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere, alichora mwaka 1956 picha ya watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Picha hiyo imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na jina la Ntiro limo pamoja nayo. Pombe ya ndizi ni ya Wachaga wote. Picha ni ya Ntiro. Mambo haya mawili hayagombani.

Sasa tuje kwenye mtihani niliouahidi. Tumfikirie kijana wetu katika juma lake la tano. Amekwisha zoea ghala, na amepewa kazi ya kuandika vibandiko vya kuwekwa chini ya picha. Mbele yake pana picha ya chui mwenye madoa ya mviringo na macho ya duara, imechorwa kwa rangi ya kung'aa juu ya kibao cha mraba. Aliyeichora ni mchoraji kijana wa mjini, naye ametia sahihi yake pembeni kwa herufi ndogo. Msimamizi, mtu mzima mwenye adabu, anapita na kusema: "Mwanangu, hapo andika Tingatinga tu. Wanunuzi wanalijua jina hilo. Hayo mengine yatawachanganya."

Msomaji yafaa akumbuke Tingatinga alikuwa nani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 katika wilaya ya Tunduru. Alikuja Dar es Salaam kutafuta riziki, na mnamo 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vibao vya dari, akaviuza kandokando ya barabara. Alichora kwa muda wa miaka minne hivi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake, akina January Linda, Simon Mpata na Ajaba Abdallah, waliendeleza mtindo wake, na mwaka 1990 wachoraji wa mtindo huo wakaunda chama chao cha ushirika. Hivyo neno Tingatinga likawa na maana mbili: ni jina la mtu mmoja aliyechora picha chache, na ni jina la mtindo ambao mamia ya watu huchora hadi leo. Picha za mtu huyo mmoja ni adimu na zina bei kubwa, na kwa ajili hiyo zimeghushiwa.

Tazama basi ugumu wa jambo. Msimamizi hakumwambia kijana aseme uongo wa wazi. Neno Tingatinga ni kweli, kwa maana ya mtindo. Lakini anajua, na kijana anajua, kwamba mnunuzi atakayeona neno hilo mahali penye desturi ya kuandikwa jina la mchoraji atalisoma kwa maana ya mtu. Uongo hauko katika neno, uko mahali neno lilipowekwa. Uongo wa namna hii ndio ulio mwingi duniani, nao ndio mgumu kuukataa, kwa kuwa kila mara una mlango wa kutorokea.

Yapo masemo manne ya kumtetea msimamizi, na haki yataka tuyasikilize.

La kwanza ni adabu. Kijana ni mgeni na mwanafunzi. Si kazi yake kuwasahihisha wakubwa. Ni kweli kwamba adabu ni nguzo ya kujifunza. Lakini adabu ni namna ya kusema, haikuwa kamwe amri ya kunyamaza. Mtoto aliyeona moto katika paa la baba yake huamkia kwanza kisha hutaja moto. Hanyamazi kwa heshima mpaka nyumba iteketee.

La pili ni njaa. Husemwa kwamba mchoraji mwenyewe hatachukia, maana picha ikiuzwa atakula. Hoja hii ina uzito, wala asiidharau mtu aliyeshiba. Lakini tutazame mwisho wake. Picha ya leo itanunuliwa kwa jina la marehemu, na mchoraji atapata chakula cha leo. Ya kesho kadhalika. Baada ya miaka ishirini atakuwa amechora picha elfu, na hakuna hata mtu mmoja ng'ambo ajuaye kwamba yupo. Hawezi kuinua bei yake, kwa sababu hana bei. Bei ni ya jina lisilo lake. Njaa iliyomfanya akubali itakuwa imegeuzwa kamba ya kumfunga.

La tatu ni kwamba mnunuzi ni mgeni mwenye fedha, naye hapati hasara akipata picha nzuri. Wahenga walituambia chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama picha ni njema, kwa nini haikuachwa ijiuze kwa jina la mwenyewe? Tukiona lazima kuiazima kanzu ya marehemu, tumekiri mbele ya mgeni kwamba watu wetu walio hai hawana thamani. Tena aliyezoea kumdanganya mgeni hafundishiki kumwambia kweli mwenyeji.

La nne ndilo zito kuliko yote, nalo husemwa na watu wenye mapenzi na utamaduni wetu. Wao hunena kwamba fahari ya jina ni tabia ya kigeni. Sanaa yetu, wasema, ilikuwa mali ya jamii. Ngoma ilikuwa ya wote, kinyago cha wote, hadithi ya wote. Na katika nchi iliyohubiri ujamaa haifai mtu mmoja ajitenge na wenziwe kwa kutia sahihi.

Nalijibu hili kwa kuanzia katika fani niijuayo zaidi, yaani ushairi. Tenzi za pwani ni mali ya jamii, husomwa arusini na matangani, wala hakuna alipaye kuzisoma. Hata hivyo watunzi wengi wa kale walijitaja jina katika beti za mwisho, pengine na mwaka wa utungo, na wakamwomba msomaji dua. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua, mtu wa mji huohuo, aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu na kusaidia yaandikwe, karne ya 19 ilipokuwa ikielekea mwisho. Jamii nzima ilikuwa ikiyaimba, na jamii nzima ilijua ni ya Muyaka. Hakuna aliyeona kwamba kumtaja Muyaka ni kuwanyang'anya watu wa Mombasa mashairi yao. Manju wa ngoma naye alijulikana kwa jina hadi vijiji vya mbali, na mcheza kwao hutunzwa; atatunzwaje asiyejulikana ni nani?

Ni kweli kwamba palikuwa na mahali jina lilifichwa. Wamakonde walikuwa na vinyago vya kuvaa, mapiko, ambavyo matengenezo yake na jina la mvaaji vilikuwa siri mbele ya wasiopitia jando. Lakini tuangalie tofauti. Siri ile ilikuwa ya jamii yenyewe, ilikuwa na maana yake, na wale waliopasa kujua walijua. Kuficha si kufuta. Mwenye kuficha anacho kitu anachokitunza. Mwenye kufuta hataki kibaki. Mfanyabiashara anayeondoa sahihi ili auze ghali hawezi kujifunika nguo ya mila.

Na kuhusu ujamaa, mimi naona jambo ni kinyume cha lidhaniwavyo. Ujamaa ulisimama juu ya msingi kwamba jasho la mtu lisiliwe na mwingine. Kugawana matunda kwa hiari ni udugu. Kumnyima mtu hata utambulisho wa jasho lake, kisha ukauza, ni unyonyaji, hata kama mnyonyaji na mnyonywaji wamevaa kitenge kimoja. Sheria ya nchi nayo yasema hivyo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 yatambua haki ya mtunzi kutajwa kuwa ndiye mwenye kazi yake. Lakini sheria haiingii ghalani saa tisa mchana kusoma vibandiko. Anayeingia ni kijana mwenye kalamu.

Afanye nini basi? Swali hili si la vitabu. Kumbuka kwamba msimamizi ndiye atakayetia sahihi kitabu chake na kutoa maoni kwa chuo. Kijana ana cha kupoteza, na msimamizi pengine hana. Atakayesema kwa wepesi, "Mwambie kweli tu," hajawahi kuwa mdogo katika ofisi ya mtu.

Nadhani njia ipo, nayo ina hatua. Kwanza aulize, kwa heshima, akiwa peke yake na mkubwa wake, asimwaibishe mbele ya watu. Aseme: "Mzee, nisamehe nikiuliza. Picha hii ina sahihi ya mchoraji. Yafaa niandike jina lake, kisha chini niandike mtindo wa Tingatinga?" Pengine jambo litaishia hapo. Wakubwa wengi hufanya kosa kwa mazoea, wala si kwa ubaya, nao hufurahi wakipewa njia ya kulirekebisha bila kupoteza uso. Tena maneno hayo yana faida kwa biashara yenyewe: mnunuzi atajua mtindo anaoutafuta na atajua mtu wa kumtafuta kesho.

Pili, mkubwa akikataa, kijana asiandike kibandiko hicho kwa mkono wake. Aombe kazi nyingine. Hana mamlaka ya kumzuia mwenye nyumba, lakini ana mamlaka juu ya mkono wake mwenyewe, na mamlaka hayo hakuyapewa na chuo wala hayawezi kuchukuliwa na msimamizi. Tatu, katika daftari la namba na katika kitabu chake cha kumbukumbu aandike aliyoyaona: namba ya picha, vipimo, na sahihi iliyomo. Asiongeze matusi wala lawama. Kibandiko hubadilishwa kila maonyesho, lakini daftari hukaa. Huenda baada ya miaka hamsini akaja mtu mwingine kuuliza, kama tunavyouliza leo juu ya vitu vya Leipzig, na safari hii akapata jibu.

Je, atapata malipo kwa uaminifu huo? Sitamdanganya. Huenda akapewa alama ndogo. Huenda akaitwa mjuaji. Insha za maadili zina tabia ya kuwaahidi wema tuzo katika ukurasa wa mwisho, na vijana wakiona tuzo haikuja hudhani wema wenyewe ulikuwa uongo. Nisemalo ni kwamba kuna kitu kimoja atakachoondoka nacho, ambacho hakikuandikwa katika muhtasari wa masomo: amejua kwamba aweza kusimama. Mtu asiyejaribu kusimama akiwa mwanafunzi, kwa kibandiko kidogo, hatasimama akiwa mkurugenzi, kwa mkataba mkubwa.

Lakini lingekuwa jambo la aibu kwetu sisi wazee kumtwisha kijana mzigo huu peke yake. Walimu wa vyuo, ambao hufika mahali pa kazi mara moja, wakanywa chai, wakatazama sahihi na kuondoka, yawapasa wamwulize mwanafunzi si alifanya nini tu, bali aliambiwa afanye nini, na kumsikiliza akiwa peke yake. Wakuu wa majumba nao wajue kwamba kijana waliyemkaribisha si kibarua wa bure. Kumtuma chai si dhambi. Dhambi ni kumtuma chai majuma yote na kumrudisha chuoni akiwa hajui namba ya kitu huandikwaje. Na serikali, iliyoanzisha wizara ya utamaduni tangu 1962 na Baraza la Sanaa la Taifa mwaka 1984, ikumbuke kwamba utamaduni hautunzwi kwa sherehe pekee. Hutunzwa ghalani, kwa brashi na daftari, na watu wanaolipwa kidogo.

Na edibu ya mwanzo katika mambo haya yaweza kufundishwa hata na mwalimu wa sekondari asiye na jumba la sanaa karibu. Shuleni pana dawati lililotengenezwa na fundi wa mtaa, pana ukuta uliochorwa ramani ya Afrika na mwanafunzi aliyekwisha maliza, pana wimbo wa shule uliotungwa na mtu fulani. Waulize wanafunzi majina ya watu hao. Wasipojua, watume wakatafute na kuandika. Watagundua jinsi jina linavyopotea upesi, ndani ya miaka mitano au sita, ilhali kitu chenyewe kikiendelea kutumika kila siku.

Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam yako katika barabara iitwayo Shaaban Robert. Mshairi huyo alitumia miaka mingi ya maisha yake katika ofisi za serikali, akiandika hesabu na barua za watu wengine, na leo jina lake limeandikwa kwenye kibao cha mtaa, mbele ya nyumba ya urithi wetu. Mwanafunzi atakayepita hapo kwenda kazini asubuhi na alisome jina hilo. Kisha aingie, achukue daftari, na kabla hajaandika neno kinyago, aulize kimechongwa na nani.